Mtoro wa Wikendi

Teksi ilipomaliza mteremko na kuingia Launceston, mji wa kisiwani ng'ambo ya bahari kutoka Melbourne, Glenys Trewin aliuliza uwanja uko ng'ambo ipi ya mto. Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo.

"Mama, umetoka Melbourne kuja kuandika mpira, na uwanja hujui ulipo?"

"Mmenifichia uwanja miaka arobaini na tano."

"Sisi? Nyie ndio mnatutupia makombo. Mechi tamu mnabaki nazo huko, sisi mnatuletea Wachimbaji na Korongo, timu ya mkiani na jirani yake. Waambie wakubwa zako."

"Nitawaandikia."

"Andika kwa herufi kubwa."

Ashlin Perera, aliyekaa mbele, alicheka pamoja na dereva. Perera alikuwa na miaka thelathini na mmoja, aliandikia tovuti ya michezo, na alitazama kila mechi akiwa na simu mbili, moja ya takwimu na nyingine ya kubishana na watu. Alimwita Glenys "Mama Trewin", nusu heshima nusu utani, kama walivyomwita vijana wote wa kibanda cha waandishi.

Glenys hakuwa ameuliza habari za mto kwa udadisi. Katika viwanja vya Melbourne hakuwa na haja ya kuuliza chochote. Alijua jua la saa tisa linaingilia pembe ipi, upepo wa Juni unasukuma mpira kuelekea magoli yapi, na guno la jukwaa la wanachama lina tofauti gani na guno la jukwaa la walalahoi. Mambo hayo yalikuwa yameshika kazi ya macho. Mwaka wa tatu sasa, katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa la kijivu. Kingo zilibaki: paa, nyasi, watu wanaokimbia pembeni. Lakini akimtazama mtu sawasawa, mtu huyo alifutika. Ili amwone ilimbidi atazame kando yake, hatua mbili hivi.

Daktari alimpa karatasi ya miraba midogo. Mistari ya katikati ilikuwa imebonyea kama wavu wa dirisha uliosukumwa na kidole. Aina hii ya ugonjwa wa macho haina sindano wala vidonge, daktari alisema, itaendelea polepole. Glenys aliikunja karatasi, akaitia mkobani, na hakumwambia mtu. Mhariri akijua, safu yake gazetini itakwisha siku hiyo hiyo, na safu ndiyo aliyokuwa amebaki nayo.

Safu yenyewe iliitwa "Wikendi Ilivyokuwa". Kila Jumatatu alizipitia mechi zote tisa za ligi ya mpira wa kule, ule wa umbo la yai unaochezwa kwa mikono na miguu, ile aliyoihudhuria kwa urefu na nyingine kwa ufupi, na chini kabisa alimtaja Mtoro wa Wikendi: mchezaji mmoja ambaye, kwa maoni yake, alijificha kazi ilipokuwa ngumu. Aliuanza mtindo huo kama mzaha zamani, wiki moja alipokuwa na nafasi ya mistari minne isiyojazwa. Baadaye watu wakawa wanaisoma safu kutoka chini kwenda juu. Makocha walisema hawaisomi kamwe, kisha wakainukuu.

Alizaliwa Ballarat, binti wa mwuza nyama ambaye Jumamosi alikuwa mwamuzi wa mstari, kazi yake kukimbia ukingoni siku nzima na kuurudisha mpira ndani kwa kuurusha juu ya kichwa bila kutazama nyuma. Akiwa na miaka kumi na tisa gazeti lilimwajiri kupokea kwa simu matokeo ya ligi za vijijini. Alipoingia kibanda cha waandishi kwa mara ya kwanza, mzee mmoja alimkabidhi birika. Alichemsha chai, akawagawia wote, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha yule mzee, na hakuna aliyepata maneno ya kumwondoa. Aliolewa mara moja, na mwalimu wa hesabu aliyependa kriketi. Walivumiliana miaka tisa. Sasa aliishi peke yake Coburg, kitongoji cha Melbourne, karibu na kituo cha treni.

Alikuwa na sifa ya kutotumia takwimu. Wengine waliandika kwamba fulani ameshika mpira mara thelathini na mbili. Yeye aliandika jinsi fulani alivyougusa mara moja tu, na ile mara moja ikatosha. Wasomaji walimpenda kwa hilo, na kwa miaka hii miwili na ushee lilikuwa limemkinga: hakuna aliyeshangaa kwamba Mama Trewin hafungui karatasi ya namba. Namba za migongoni zilikuwa zimemtoka kwanza. Wachezaji aliwatambua kwa mikimbio yao, kwa nywele, kwa bandeji ya goti. Waliobaki aliambiwa na redio ndogo aliyoitia sikio la kushoto chini ya kofia ya sufu, ambamo watangazaji wawili walitaja kila aliyeshika mpira kabla hajauachia.

*

Jumapili ile kibanda cha Launceston kilikuwa na hita moja na waandishi saba. Kulikuwa na pai za nyama zilizopoa na chupa ya sosi ya nyanya iliyoziba mdomo. Nje mvua ilikuja kwa vipande, ikaondoka, ikarudi.

Glenys alikuwa amepanga kumfuata mtu mmoja, kwa kuwa uwanja mgeni ulimruhusu mmoja tu. Alimchagua Darcy Oldaker wa Wachimbaji, mwenye miaka ishirini na minne, kijana anayefanya kazi ya kivuli. Kivuli hachezi mpira wake. Anapewa nyota wa upande wa pili na kuambiwa ashikamane naye kuanzia kipenga cha kwanza mpaka king'ora cha mwisho, amkanyage visigino, amfikie kabla mpira haujamfikia, amtie hasira. Siku hiyo nyota alikuwa Castellari wa Korongo. Oldaker alikuwa rahisi kumwona, maana alivaa kofia laini nyeupe ya kulinda kichwa, peke yake uwanjani. Glenys alitazama kando ya weupe ule na mechi ikamjia.

Robo tatu kati ya nne za mchezo zilikwenda vizuri. Wachimbaji walikuwa mbele kwa goli moja, ambalo ni pointi sita. Katika mapumziko ya mwisho Perera aliinuka kufuata chai, akapita nyuma yake, akaona uzi wa redio ukining'inia shingoni.

"Jamani! Mama Trewin anasikiliza mechi anayoitazama!"

"Nasikiliza hali ya hewa."

"Si ungebaki nyumbani tu, mama. Redio ni ileile, na nyumbani kuna choo."

Kibanda kizima kilicheka. Mmoja akauliza kama watangazaji wanamwandikia na safu au wanamsomea tu. Glenys naye alicheka, maana asiyecheka kibandani huliwa hadi mifupa. Kisha akaichomoa redio sikioni, akaizungushia uzi wake mbele ya macho yao, akaitia mfukoni mwa koti.

Dakika ya tano ya robo ya mwisho, Oldaker aliinamia mpira na kichwa chake kikakutana na goti la mtu. Damu ilichuruzika kuanzia kwenye nyusi. Sheria ya mchezo ule haina mjadala: mwenye damu hutolewa nje, na jezi yenye damu hairudi uwanjani. Wakampeleka chini, wakamshona, wakaitupa kofia iliyolowa, wakamvisha jezi ya akiba waliyokuwa nayo sandukuni. Badala ya namba tisa akarudi na namba sitini na moja, kichwa wazi, bandeji ya rangi ya ngozi kwenye paji. Dakika nne hazikufika. Akamwendea Castellari, akampandia mgongoni kama deni.

Kichwa kile kilipogonga goti, Glenys alisikia kibanda kikiguna na hakujua kwa nini. Wakati ule alikuwa akilitafuta wingu la mvua upande wa mto, ambako mpira haukuwapo. Alipogeuka, kofia nyeupe haikuonekana. Perera alikuwa kando yake, bega kwa bega. Neno moja lingetosha: nani? Lakini dakika kumi zilizopita walikuwa wamemcheka. Akaamua kwamba kofia itajitokeza. Aliitafuta robo nzima. Aliona Castellari akihangaika, akisukumwa, akiupata mpira mara mbili tu, na akadhani Wachimbaji wanapokezana kumkaba, leo huyu kesho yule, kwa kuwa mwenye kazi ameiacha. Korongo walishinda kwa pointi nne katika dakika ya mwisho, kwa goli la mtu mwingine kabisa.

Kwenye uwanja wa ndege aliketi pembeni, akafungua kompyuta iliyokuzwa herufi zikawa kama viberiti, akaandika. Mechi za Ijumaa na Jumamosi alikuwa amezimaliza hotelini. Wa Perth waliangusha mipira mitano waliyoidaka, wa Adelaide walicheza kama watu waliolipwa kwa saa. Ilibaki ile mistari minne ya chini. Alimfikiria nahodha mmoja aliyekosa goli akiwa peke yake, kisha akamwacha, maana huyo alikosa lakini alikuwepo. Akaandika:

"Mtoro wa Wikendi ni Darcy Oldaker. Robo ya mwisho nilimtafuta kila kona ya uwanja. Nadhani Castellari pia alimtafuta, maana alishazoea kuwa na mwenziwe. Jahazi la Wachimbaji lilipoanza kuzama, kofia nyeupe ilikuwa imeshapata boti."

Aliisoma mara mbili na ikamchekesha. Zamani palikuwa na watu wanne kati ya neno lake na mtambo wa kuchapa, na wa mwisho, Noreen Haddow, angempigia kabla chai haijapoa: "Glen, huyu si ndiye aliyerudi na sitini na moja?" Noreen alipunguzwa kazi mwaka uliopita pamoja na wenzake. Glenys alibonyeza, na safu ikaenda moja kwa moja kwa wasomaji.

*

Declan Voss, mhariri wa michezo, alipiga simu saa moja asubuhi.

"Glen, umekunywa chai?"

"Ndiyo naichemsha."

"Kunywa kwanza."

"Sema, Declan."

"Oldaker alikuwa uwanjani muda wote. Alitoka damu, akabadilishiwa jezi. Nchi nzima ilimwona. Alishonwa nyuzi sita akarudi kumfunga Castellari kamba. Kocha wao amesema ni robo bora aliyowahi kucheza kijana yule. Na sisi tumeandika amepata boti."

Maji yalichemka, birika likajizima lenyewe.

"Glen? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulishuka kuwahi ndege? Sema ulishuka kuwahi ndege. Kila mtu hushuka kuwahi ndege. Nitaweka mistari miwili, tunaomba radhi, Jumatatu ijayo tunaendelea."

"Hebu nifikirie."

"Hapa hakuna cha kufikiria, dada yangu. Au kuna kitu unataka kuniambia?"

"Hakuna."

Mchana ule vipindi vya televisheni viliionyesha ile robo kwa mshale mwekundu juu ya kichwa cha Oldaker, kila alikokwenda mshale ukimfuata, na watangazaji wakaimba "yuko wapi, yuko wapi". Mchekeshaji mmoja wa redio aliwaomba wasikilizaji wamsaidie Mama Trewin. Kufikia Jumatano asubuhi, mapokezi ya gazeti yalikuwa na sanduku lenye miwani kuukuu kumi na saba, jozi moja ikiwa imefungwa utepe.

Jumatano hiyo hiyo mlinzi alimpigia simu ghorofani. "Mama Trewin, una mgeni. Ni mtoro wako."

Walikaa kwenye mkahawa wa chini, karibu na mashine ya vinywaji. Oldaker alikuwa mrefu kuliko alivyodhani, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko urefu wake. Hakuagiza kitu.

"Klabu imenikataza nisije," alisema. "Sijaja kugombana, mama. Nimekuwa Mtoro, basi. Wakubwa kuliko mimi wamekuwa."

"Nilishuka kuwahi ndege," Glenys alisema.

Kijana alijisogeza kushoto, kisha kulia. Mashine ya vinywaji ilivuma.

"Unaangalia nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo kando yangu. Huniangalii mimi, unaangalia sikio. Nikisogea, unasogea, unabaki sikioni."

"Ndivyo nilivyo."

"Mama, kazi yangu mimi ni kuangalia watu wanatazama wapi. Sijui mpira mimi, niulize yeyote. Najua macho na nyonga. Mtu akitaka kwenda kushoto, jicho linakwenda kwanza. Lako haliendi kokote." Akainua mkono mbele ya uso wake mwenyewe. "Hivi ni vidole vingapi?"

Angeweza kukisia. Mhariri na wenzake wa kibandani, wote alikuwa akiwajibu kwa kukisia. Glenys aligeuza kichwa pembeni, akavitafuta vidole ukingoni mwa doa, akachoka.

"Sijui," alisema. "Katikati sioni. Naona kingo."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Oldaker aliushusha mkono polepole. Glenys alitegemea hasira, na alikuwa tayari kwa hasira, kwa sababu angalau hiyo ina mwisho. Badala yake kijana alikuwa akihesabu kitu kichwani.

"Agosti, mwaka juzi," alisema. "Mechi ya Geelong. Uliandika kwamba nilimsoma mtu wangu mguu kabla yeye mwenyewe hajaamua kuugeuza. Kwamba miaka arobaini hujaona kivuli anayefika kabla ya mwenye kivuli."

"Naikumbuka."

"Kocha aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Wiki ile ndiyo walinipa mkataba wa pili. Walikuwa wameshanitoa, mama, mzee wangu alikuwa ameshanipigia simu nirudi Horsham kumsaidia kunyoa kondoo. Mama yangu ameubandika ukurasa jikoni." Alisogeza kiti. "Agosti ile ulikuwa unaona?"

"Hapana."

"Kwa hiyo?"

"Redio ilisema ulimzuia vizuri. Ya mguu niliyatia mimi. Ilikuwa sentensi nzuri."

"Nimeitazama video ile sijui mara ngapi," Oldaker alisema. "Nairudisha nyuma, nautazama mguu. Sijawahi kuliona hilo jambo. Nikawa nasema, basi yeye anajua mpira kuliko mimi, ameona kitu nilichonacho ambacho mimi sikijui. Nimekuwa nikikitafuta tangu siku ile, kila mechi, nikifanye tena."

"Darcy."

"Hakipo, si ndiyo?"

"Huenda kipo. Sikukiona mimi tu."

"Hakipo," alisema, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kumaliza jambo. Akainuka. Akauliza choo kiko wapi, akaelekezwa na mhudumu, na hakurudi mezani. Mlinzi alisema baadaye alimwona akitokea mlango wa pembeni.

*

Glenys alipanda kwa Voss bila kupiga hodi. Alimwambia yote akiwa amesimama: doa, karatasi ya miraba, redio, Geelong. Voss alikuwa mtu mwema. Aliinuka akafunga mlango, akamsogezea kiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Oldaker."

"Atasema?"

"Sidhani."

"Sawa." Voss alishusha pumzi. "Glen, pole. Pole sana. Mama yangu naye alikuwa hivyo."

"Andika, Declan. Weka safari hii ukweli. Andika kwamba sioni, kwamba yule kijana alikuwepo na aliyekuwa haoni ni mimi."

"Siwezi."

"Mistari miwili."

"Hebu sikiliza. Nikiandika hivyo, kesho watauliza tangu lini. Tangu lini, Glen? Miaka miwili na zaidi. Mechi tisa kila wiki. Watoro wangapi? Kila uliyemtaja atakuja na wakili, na kila uliyemsifu atanyang'anywa sifa. Nitawaambia nini? Tunaiweka ile ya ndege. Wewe unastaafu, watu wanakula keki, jina lako linabaki safi."

"Na lake?"

"Lake limeshasafishwa na televisheni. Hatuhitaji sisi."

Alitaka kumwambia kwamba lile si jina alilokuwa akiliulizia, kwamba kuna ukurasa wa sifa za uongo jikoni Horsham. Lakini alimwelewa Voss. Angekuwa yeye nyuma ya ile meza, angefanya vivyo hivyo, na angeongeza keki.

Mistari miwili ilitoka Alhamisi: mwandishi aliondoka mapema kuwahi ndege, gazeti linaomba radhi. Jioni majina ya timu yalitangazwa na Oldaker hakuwemo. Klabu ilisema ni kile kichwa. Redio ikasema kocha ameanza kujiuliza kama mchezo wa sasa bado una nafasi ya kivuli. Glenys alisikiliza mpaka mwisho, akaizima, akakaa jikoni kwake Coburg huku treni zikipita. Alijaribu kumwandikia yule kijana barua. Kila sentensi aliyoianza ilitoka nzuri, na kila iliyotoka nzuri aliifuta. Mwishowe hakubaki na kitu cha kutuma.

*

Jumamosi wakamwita kwenye uwanja mkubwa wa Melbourne kumuaga. Keki ilikuwa na milingoti minne ya goli, ya sukari. Wazee wawili waliotoka nyumba za kulea wazee waliletwa kwa viti vya magurudumu, mmoja akisema kwa kila mtu kwamba yeye ndiye aliyempa Glenys birika, jambo ambalo halikuwa kweli. Voss alisoma hotuba fupi. Akatangaza kwamba safu itaendelea chini ya Ashlin Perera, na watu wakapiga makofi.

Perera alisubiri wengine warudi kwenye viti vyao.

"Mama Trewin, mimi sikuiomba hii kazi. Walinipigia wao."

"Ungeiomba ningekuheshimu zaidi."

"Nilikuwa kando yako," alisema. "Bega kwa bega. Ile damu niliiona, jezi niliiona, nikaiandika kwenye simu saa ileile. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo. Halafu ningekuambia."

Perera alimvutia kiti chake cha siku zote, cha tatu kutoka mlangoni. "Kaa hata robo moja. Nitakutajia wachezaji. Kimyakimya, hakuna atakayesikia."

Glenys alikaa. Mwamuzi aliudundisha mpira katikati na kelele zikapanda. Perera akainama, akaanza kumnong'oneza: fulani kwa fulani, teke refu, amedaka, anarudi nyuma kupiga. Alikuwa hodari, hakupoteza hata jina moja. Kila alilolisema Perera, Glenys aliona limeshakuwa sentensi kichwani mwake kabla halijafika mwisho, na sentensi ikampata mtu ambaye hakuwa na habari, huko chini, aliyekuwa akikimbia tu. Dakika kumi hivi alivumilia.

"Inatosha, Ashlin."

"Ndiyo kwanza inachangamka."

"Najua. Tazama wewe."

Alivaa koti. Alisimama nyuma ya safu ya migongo akingoja mtu ageuke amuage, lakini wakati huohuo upande wa bandari wa uwanja mtu alipaa juu ya mabega ya mwenzake na kuudaka mpira kwa mkono mmoja, au walisema hivyo, kwa sababu kibanda kizima kilisimama na kupiga kelele, Perera akiwa wa kwanza, simu zote mbili juu. Glenys aliupapasa mlango, akaupata mpini, akatoka. Ngazi zilikuwa na chuma cha kushikia upande wa kulia, na alishuka nacho taratibu mpaka hatua zake hazikusikika tena.

Kibandani waliyatazama marudio mara tatu kwenye skrini. Mtu akauliza ni nani yule aliyedaka, wengine wakamjibu kwa pamoja. Baadaye kidogo mvua ikaanza kuingia kwa pembe ya kusini, na Perera, ambaye begi lake lilikuwa likilowa sakafuni, aliliinua bila kuondoa macho uwanjani akaliweka kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yake.